Miaka Thelathini na Moja ya Kuomba Maji

Ijumaa hii, tarehe thelathini, kengele ya mwisho ikishalia, Mwalimu wa Ustawi atafunga kabati lake la chuma, atamkabidhi mwalimu mkuu ufunguo na kutoka getini akiwa mstaafu. Ameitumikia shule yetu miaka thelathini na moja na miezi minne. Hiyo miezi minne msiidharau. Aliingia kazini katikati ya muhula, siku ambayo upepo uling'oa paa la darasa la tatu, likaenda kutua uwanjani, na watoto wakaendelea na kipindi kama kawaida. Mimi sikuwapo, lakini nimesimuliwa vizuri kuliko hao waliokuwapo.

Kuandika wasifu huu ilikuwa kazi ya watu wa ofisini. Wakasukumiana wiki nzima, mwisho wakakubaliana kwamba anayemjua Mwalimu ni Mjomba, na Mjomba ndiye mimi, fundi wa shule hii. Kwa miaka ishirini na sita nimefuatana naye kila alipokwenda kuzitembelea familia za wanafunzi, maana kanuni inasema mwalimu asiingie nyumba za watu peke yake. Mimi shule niliishia darasa la sita, lakini darasa la sita la enzi zetu ukiligawa leo unapata wahitimu wawili na mwingine wa akiba. Nimepewa ukurasa mmoja. Nimeukubali kwa adabu, kisha nimejichukulia nne.

Mwalimu alikuja kufundisha hesabu. Kilichomtoa kwenye hesabu ni mtoto mmoja wa darasa la pili ambaye Jumatatu aliandika kwa mkono wa kulia na Jumanne kwa mkono wa kushoto. Walimu wengine walimsifu kwamba ana kipaji. Yeye akamfuata nyumbani, akakuta si mtoto mmoja. Walikuwa mapacha, wana shati moja la shule, wanapokezana. Kwa muhula mzima shule ilikuwa ikisomesha watoto wawili na kumpa alama mmoja. Mwalimu mkuu wa wakati ule alikuna kichwa, akasema kuanzia leo wewe ndiye utakayetuambia watoto wetu wanaishije na nyumba zao zinahitaji nini. Kwa lugha ya ofisi hiyo inaitwa tathmini ya mahitaji ya watoto na familia. Kwa lugha yetu ni kujua kiatu kinambana nani, na wapi.

Akapewa chumba ambacho kilikuwa stoo ya mafagio. Mnaokiona leo na kukisifu, mjue kwamba mlango ule niliuhamisha mimi. Zamani ulitazama uwanjani, na kila mtoto aliyeingia akiwa na machozi alikuwa na watazamaji mia tatu. Mwalimu akaniuliza kama naweza kuugeuza utazame ukuta. Nilimaliza kabla ya mapumziko ya saa nne. Benchi lililomo ndani pia ni langu, halina msumari hata mmoja, na limekaliwa na wazazi wa uzito wote na wa kila hasira bila kulia hata mlio mdogo.

Lile kabati la sare nalo lina hekima yake. Sare za msaada zikiletwa mpya, Mwalimu hazitoi. Anazifua mara mbili, anazianika juani, ndipo anampa mtoto. Mwanzoni nilidhani ni usafi uliopitiliza, nikamtania kwamba anafua mpaka vitu visivyojua uchafu. Akanieleza kwamba mtoto akivaa sare inayong'aa peke yake darasani, kila mtu anajua imetoka kabatini. Ikipauka kidogo, ni sare tu kama ya mwenzake. Tangu siku hiyo kamba za kuanikia zinafungwa na mimi, na hazijawahi kukatika.

Sasa niseme habari ya jina. Fomu ya tathmini ina maswali arobaini na mawili: nani analala wapi, nani anapika, nani ana kazi, nani mgonjwa. Mtu mwingine angeingia sebuleni na kalamu mkononi kama polisi wa barabarani. Mwalimu alikuwa anaiacha fomu ndani ya begi, anakaa, anasalimia mpaka mpira kwenye redio ya jirani uishe, kisha anaomba maji ya kunywa. Basi. Akishaomba, anatulia na kutazama. Nani anainuka, mama au mtoto? Anakwenda bombani, kwenye dumu, au kwa jirani? Yanakuja kwenye glasi, kikombe, au kopo? Yanakuja upesi au mtu anaazima chombo kwanza? Yeye husema maji yakichelewa, jibu limeshafika. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Maji, na watoto wadogo wanaamini ana ugonjwa wa kiu.

Siku moja tulitembelea nyumba kumi na moja. Glasi kumi na moja yeye, kumi na moja mimi, maana mgeni hawezi kunywa mwenzake akabaki anatazama dari. Tulirudi shuleni tunatembea taratibu kama madumu yasiyo na vifuniko. Kufika getini mlinzi akatuuliza kama tungependa maji. Sijui mpaka leo kama alikuwa anatania.

Mbwa nao tumekutana nao. Kuna mmoja, mkubwa kama ndama aliyeshiba, alitutokea uchochoroni. Mimi nikatangulia mbele kumkinga Mwalimu, na anayesema nilikuwa juu ya ukuta hakuwa na pembe nzuri ya kuonea. Mwalimu akamtazama yule mbwa kwa jicho lile analowatazamia wanaochelewa, akamwambia aketi. Mbwa akaketi. Kidogo tu angenyoosha mkono kuomba ruhusa. Na yupo baba mmoja ambaye kila tukigonga mlango wa mbele aliruka ukuta wa nyuma, mpaka siku Mwalimu alipoamua kugonga ukuta wa nyuma. Bwana yule akafungua mwenyewe mlango wa mbele, akakuta hakuna mtu, akabaki kucheka na kutuita ndani. Sasa ni mjumbe wa kamati ya wazazi na hakosi kikao.

Lakini nisiwapeleke mbio. Kuna jambo moja ambalo ndilo lililonifanya nikubali kuandika, na bila hilo ningewaachia watu wa ofisini waandike mashairi yao.

Miaka tisa iliyopita tulikuwa na msichana wa darasa la tano aliyekaa na bibi yake, wao wawili tu. Alikuwa anafika kipindi cha tatu, analalia dawati, na siku nyingine haji kabisa. Kanuni ya shule mnaijua: mwanafunzi akikosa siku arobaini bila sababu iliyoandikwa, jina linafutwa na dawati anapewa mtoto mwingine anayesubiri. Yeye alishafika thelathini na saba. Ijumaa kamati ya ustawi ingekutana. Ikimwingiza kwenye orodha ya wanaosaidiwa, siku zake zinasamehewa na shule inalishika tatizo lake. Isipomwingiza, zinabaki siku tatu na dawati limekwenda. Yote yalitegemea fomu moja, na ziara ya kuijaza ilipangwa Jumanne.

Jumatatu nilikuwa na kitasa cha kutengeneza mtaa huohuo. Nikapita kwa yule bibi kumsalimia, nikamwambia kesho una wageni kutoka shule. Hakuna aliyenituma. Niliona si adabu kumvamia mtu mzima hajajiandaa. Bibi yule alikuwa mkunga, na nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake siku ya kwanza kabisa ya maisha yao. Alipowaambia majirani kwamba anatembelewa na hataki aibu, nani angemnyima? Mpaka jioni yamekuja makochi, meza ya kioo, kitambaa cha kufuma, sinia, na glasi sita zenye mdomo wa dhahabu. Kochi kubwa nilibeba mimi kichwani, kochi la watu watatu, na mmoja wao alikuwa bado amelikalia. Saa ya ukutani nilitoa nyumbani kwangu. Mke wangu alipoiulizia nikamwambia imekwenda kwa fundi. Akaniuliza ni fundi gani anayepeleka saa yake kwa fundi.

Jumanne Mwalimu aliomba maji, na maji yakafika kabla hajamaliza kuomba. Msichana aliyaleta kwa sinia, amepiga goti. Bibi alikaa wima kwenye kochi la watu, anajibu kila swali kwa heshima na mzaha, anasema mjukuu wake ana usingizi wa kurithi, babu yake alilala mpaka kwenye harusi yake. Tukacheka. Mwalimu akatazama huku na huku, akatoa fomu, akaandika kwamba hapana uhitaji wa haraka. Mimi niliitazama saa yangu ukutani na kuona imependeza.

Njiani Mwalimu alisema nyumba na mtoto havifanani. Alisema mara mbili. Mimi nikaanzisha hadithi ya mbwa mwingine, ndefu, ikatufikisha getini.

Ijumaa asubuhi kamati ikakaa. Mchana, mwenyekiti akiwa bado anapitia orodha kabla ya kugonga muhuri, yule msichana alikuja karakana kwangu, kwa kuwa vitabu vya shule natunza mimi. Alikuwa na vinne, amevifunika kwa karatasi za kalenda, hakuna kona iliyokunjika.

"Mjomba, pokea vitabu," alisema. "Siku tatu hazinitoshi."

Hakulia. Alisema vile mtu anavyosema sukari imekwisha. Halafu akaongeza kwamba saa yetu angeileta kesho, kwa kuwa bibi anashtuka ikigonga.

Toka karakana mpaka chumba cha Mwalimu ni hatua arobaini. Nimebeba vitu vingi maishani, lakini hatua zile nilizitembea kama nina makochi yote ya mtaa ule mgongoni. Nikamwambia kila kitu: taarifa niliyoitoa, vyombo vya watu, saa. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nikangoja nipewe haki yangu.

"Chukua begi," alisema. "Twende tukaombe maji upya."

Tulikwenda bila taarifa, msichana nyuma yetu na vitabu vyake vinne. Makochi yalisharudi kwa wenyewe. Palibaki mkeka, kitanda, ndoo iliyopinduliwa kuwa kiti, na saa yangu ukutani inakwenda mbele dakika kumi. Bibi akauliza nani. Mwalimu akasalimia na kuomba maji. Msichana akataka kuinuka, bibi akamkataza. Wageni wake angewahudumia mwenyewe.

Akainuka. Mkono mmoja ukaufuata ukuta mpaka kwenye rafu, ukapapasa, ukapata kikombe, kisha jagi. Akaanza kumimina. Kikombe kikajaa. Yeye akaendelea. Maji yakapita mdomo wa kikombe, yakapita vidole vyake, yakashuka sakafuni, yakaja mpaka kwenye viatu vyangu, na bibi bado anamimina huku anatabasamu kuelekea upande ambao hatukuwapo.

Mwalimu akalishika jagi taratibu. "Yametosha, mama."

Bibi akakaa kitandani, mikono inadondosha maji. Akasema, "Sikutaka mjukuu wangu aandikwe maskini. Na wakijua sioni, watamchukua."

"Mama," Mwalimu akamwambia, "fomu hii haiandiki ninyi mna nini. Inaandika sisi tufanye nini."

Akakinywa kile kikombe mpaka chini. Akaketi juu ya ndoo, akatoa fomu, na safari hii aliyejibu ni msichana: kwamba yeye ndiye anayeamka kuchota maji, anapika, anafua, anamsindikiza bibi chooni, anamwekea kila kitu mahali pake asijikwae, ndipo anakimbia shule. Miaka miwili hivyo, na alikuwa ameapishwa asimwambie mtu. Mwalimu aliandika yote. Hakumpa pole wala hakumpa sifa. Alimuuliza tu kama kipindi cha pili angekiwahi, na mtoto akapiga hesabu kwa vidole, akasema cha pili angekiwahi.

Tulirudi wajumbe wanakusanya karatasi zao. Mwalimu akaiweka mezani ile fomu ya Jumanne, akapitisha mstari mwekundu toka juu mpaka chini, akaandika "Nilikosea", akaweka sahihi. Mwenyekiti alikuwa mtu wa kupenda kanuni kuliko chakula. Akamuuliza kwa dharau mtaalamu wa miaka mingi anadanganywaje na kochi. Mwalimu akajibu kwamba alitazama viti badala ya kutazama watu. Hakusema zaidi. Najua kwa sababu nilikuwa nje ya dirisha, natengeneza bawaba ambayo haikuharibika. Nilisubiri jina langu litajwe. Halikutajwa siku ile, wala mwaka ule, wala hata tulipokorofishana kwa ajili ya rangi ya mlango na alikuwa na kila sababu ya kunikumbusha.

Jina la msichana liliingia kwenye orodha. Aliruhusiwa kufika kipindi cha pili mpaka mwisho wa mwaka. Wale majirani waliotoa makochi Mwalimu aliwaendea mmoja mmoja, akawauliza kama mkono uliobeba kochi unaweza kubeba ndoo, wakagawana siku za kuchota maji. Hospitali ikasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na inatibika. Siku bibi alipofunguliwa bandeji nilikuwapo. Alinitazama juu mpaka chini, na hakutumia muda mrefu. Akasema kwamba kwa sauti aliyokuwa akiisikia, alidhani mimi ni mtu mrefu. Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta. Msichana sasa yuko mwaka wa pili chuo cha ukunga, na ametuma ujumbe kwamba Ijumaa atakuja na bibi. Bibi ameuliza kama nimeongezeka kimo.

Fomu ya tathmini siku hizi ina maswali arobaini na matatu. La mwisho linasema: "Je, familia iliarifiwa kabla ya ziara hii, na nani?" Walimu wengi hawajui lilikotoka. Baba wa swali lile ni mimi, na si kila fundi ana swali lake katika fomu ya shule.

Nimeandika haya kwa sababu moja. Mwalimu mpya atalifungua lile kabati la chuma. Atakuta fomu za miaka thelathini na moja, mwandiko umenyooka kama uzi wa fundi mwashi, na katikati yake fomu moja yenye mstari mwekundu na neno "Nilikosea". Asije akadhani Mama Maji aliwahi kupitiwa. Kosa lile ni langu, mimi Mjomba, na nalisema hapa mbele ya wafanyakazi wote, kwa maandishi. Nimembebea Mwalimu begi miaka ishirini na sita na nimejisifu kwa hilo kila mahali. Yeye amenibebea hili miaka tisa kimya kimya, na lilikuwa zito kuliko begi.

Mama Maji, shule inakushukuru, mapacha wa shati moja wanakushukuru kila mmoja na shati lake, na mimi nakushukuru kwa namna ambayo darasa la sita halikunifundisha kuiandika. Nenda ukapumzike. Lala mpaka jua lichoke kukusubiri, na miguu yako isahau vichochoro. Afya ikukalie, na nyumba yako ijae watu wanaokupenda. Lakini kiti kimoja kiache wazi. Siku moja, na safari hii nimeapa kuufunga mdomo, mlango wako utagongwa bila taarifa. Tutaingia, tutasalimia, tutakaa kwenye viti vyako mwenyewe, na tutaomba maji.